Nikinunua Kitenge, Taifa Linaamka

Nikilala njaa, taifa halina habari. Kodi ya nyumba ikinizidi kimo, hakuna diwani anayepiga hodi kuniuliza nimeamkaje. Lakini nivuke maji siku moja tu nikanunue doti mbili za kitenge Kongo, hapo taifa zima linaamka, linafunga kamba za viatu na kunisubiri ufukweni: "Mzee, kwa nini hununui vya nyumbani?"

Nyumbani kwa nani, ndicho ninachouliza. Mimi ni Mfipa wa Sumbawanga. Nililetwa huku na biashara ya dagaa, nikabakizwa na ndoa. Naishi Kashikishi, pua na mdomo na Nchelenge, mwambao wa mashariki wa Ziwa Mweru, Zambia, na nina kantemba, yaani duka la ukubwa wa kabati la nguo. Nauza sukari ya kupima, mafuta ya kupima, chumvi, betri, viberiti na, mteja akinipa nafasi, ushauri. Kwa hiyo ninayo haki ya kulalamika pande zote mbili. Wateja wangu wakivuka kwenda kununua Kongo, nalalamika kwamba hawana uchungu na nchi yao. Nikizuiwa kuvuka mimi, nalalamika kwamba biashara huria imezikwa. Anayeona mgongano hapo hajawahi kuwa na duka.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa akisikia Kilwa anafikiria magofu na Bahari ya Hindi. Huku tunazo Kilwa mbili, na zote ziko majini au kando ya maji. Kuna kisiwa cha Kilwa, ambacho ni cha Zambia, na kuna mji wa Kilwa, ulio ng'ambo, Kongo. Ukimwambia mwenye boti "nipeleke Kilwa" bila kufafanua, unaweza kulala nchi usiyoikusudia. Hilo si kosa la mwenye boti. Mei 1894 Waingereza na watu wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji walikaa Ulaya wakagawana. Mpaka ukafuata Mto Luapula hadi ziwani, kisha ukakatiza maji kuelekea kaskazini, kule unakochomokea Mto Luvua. Ungeweza kunyooka, lakini ukapindishwa ili kisiwa cha Kilwa kiangukie kwa Mwingereza. Hakuna aliyemuuliza Mwata Kazembe, mfalme wa bonde hili, ambaye watu wake walikuwa, na mpaka leo wako, kingo zote mbili. Sasa angalia uonevu: mstari uliruhusiwa kupinda kwa ajili ya kisiwa, mimi nikipinda kidogo kwa ajili ya kitenge naitwa msaliti.

Na kitenge chenyewe si changu. Ni cha mama mkwe. Kila mwaka mwishoni mwa Julai kuna Umutomboko kule Mwansabombwe, Mwata anapocheza na upanga na shoka mbele ya maelfu, na ndugu wa Kongo wanavuka kuja kushangilia. Wanakuja wamevaa. Hapo ndipo shida yangu inapoanzia, maana mama mkwe hakubali kusimama karibu na Mkongomani akiwa na kitenge kinachoonekana kimeshindwa.

Mama mkwe hasemi nami. Msinielewe vibaya, hatujagombana. Kwa mila za huku mkwe na mama mkwe hawazungumzi mpaka ipite shughuli ya kumwingiza mkwe rasmi, na shughuli ina gharama zake, na gharama ndizo tunazozisubiri. Kwa hiyo anakaa upande ule wa ukuta wa nyasi, mimi nakaa upande huu, mke wangu anasimama katikati.

"Mwambie mkwe," mama mkwe anasema, kwa sauti inayosikika mpaka sokoni, "vitenge vya huku vinachuja."

Mke wangu ananigeukia. "Mama anasema vitenge vya huku vinachuja."

"Mwambie mama nimesikia."

"Amesikia, mama. Anasema atavuka wiki hii. Ataleta na cha kwangu."

Sikusema hivyo. Lakini ndivyo mabalozi walivyo, mahali popote duniani.

Kwenda Kilwa ya Kongo kunahitaji boti ya mashine, subira, na tumbo lisiloogopa mawimbi. Alfajiri ufukwe wa Kashikishi umejaa. Kuna wanaoshusha samaki: pale, makobo, na chisense, ambao ni dagaa wetu wadogo, wamekaushwa kwenye mchanga na wananuka kwa kujiamini. Kuna wanaopakia: magunia ya unga, katoni za mafuta ya kupikia, sukari. Unga wa Zambia ukivuka maji bei yake inapanda, hiyo ni kanuni ya zamani kuliko boti zenyewe. Miaka ya 1980 serikali ya Rais Kaunda ilikuwa inalipia sehemu ya bei ya unga ili mwananchi ale, na sehemu kubwa ya mwananchi aliyekula ilikuwa Zaire, ndiyo Kongo ya leo. Desemba 1986 ruzuku ya unga bora ilipoondolewa, miji ya migodi ya Copperbelt ilifuka moshi, watu wakafa, Kaunda akarudisha bei ya zamani. Unga ukaendelea kuvuka.

Ng'ambo kuna kazi nyingine, ya kununua. Nikifungua mdomo tu bei inapanda. Kiswahili changu cha Sumbawanga, nilichokiona kwetu kuwa cha kawaida kabisa, kule kinaitwa Kiswahili bora, cha redio, na anayesema Kiswahili cha redio lazima awe na mshahara. Mwenzangu Mbemba anayeokoteza maneno na kuonyesha kwa vidole anauziwa nafuu. Nimejaribu kukiharibu kidogo, lakini kinanirudi.

Kisha inakuja dola. Kongo wanapenda dola, lakini wanapenda dola nzima. Kuna mama muuza vitenge pale sokoni ambaye namwogopa kuliko mwalimu wangu wa hesabu. Noti anaishika kwa vidole viwili. Anainyoosha juu ya paja, anaiinua juani, anaigeuza, kisha anapitisha ukucha taratibu pembezoni, pande zote nne. Watu waliopanga foleni nyuma yangu wananyamaza. Ukucha unasimama. Kuna mpasuko, mdogo, ambao mimi bila miwani siuoni.

"Papa, hii haipite."

"Mama, hiyo ni dola halali. Hata Marekani wanaipokea."

"Basi uende nayo Marekani, papa."

Nikalipa kwa kwacha, kwa kiwango cha kubadilishia alichokitunga hapo hapo akiwa ameketi. Lakini ukiona kitenge chenyewe unasamehe. Rangi imeingia mpaka upande wa pili, nta bado inanukia, na ukikikunja kinatoa sauti ya karatasi. Mama mmoja niliyevuka naye alikwenda mwembamba, akarudi mnene wa kushikwa mkono kupanda botini, amejifunga doti moja juu ya nyingine mpaka hawezi kukaa. Nilimpisha. Ujauzito wa namna hiyo unahitaji heshima.

Na tulipofika ufukweni, taifa likawa limeshaamka. Ofisa kijana, shati limenyooshwa, akanitoa pembeni. Akanieleza habari ya viwanda. Akanieleza habari ya ajira za vijana zinazopotea kila mtu kama mimi anapovuka. Akanieleza kwamba nchi inajengwa na wananchi wanaopenda vyao. Nilisimama juani, miguu yenye maji, nikisikiliza mhadhara ambao ungefaa kutolewa kwa anayeajiri, ila anayeajiri hakuwepo. Alipomaliza akatazama huku na huku, akashusha sauti: "Na zile zenye maua makubwa, za kwao nzuri nzuri, umezikuta bei gani?"

Msidhani ni ugonjwa wa Zambia tu. Mwishoni mwa 2008 kule Ireland mambo yaliwaharibikia. Mabenki yaliyumba, ujenzi ukasimama, watu wakaanza kumiminika kwenye foleni za wasio na kazi. Ndani ya miaka michache wasio na ajira wakakaribia asilimia 15. Wakati huo huo pauni ya Uingereza ilikuwa imeshuka mpaka ikakaribia kulingana na euro, na Desemba mosi ya mwaka huo Uingereza ikashusha kodi ya mauzo kutoka asilimia 17.5 hadi 15, siku ileile Ireland ilipoipandisha yake kutoka 21 hadi 21.5. Mtu mwenye akili zake afanye nini? Akapakia familia kwenye gari, akaenda Newry, Ireland ya Kaskazini, akarudi na bia, nepi na bata mzinga wa Krismasi, buti imegusa lami.

Waziri wao wa fedha, Brian Lenihan, akawakemea. Akawaambia kwamba ukinunua kaskazini unalipa kodi kwa Malkia. Uzalendo, akasema, ni kununua kwenu. Sawa. Ila chama chake, Fianna Fáil, kimeishi miaka yote kwa ndoto moja, kwamba kaskazini na kusini ni nchi moja iliyokatwa na mkono wa mgeni na ipo siku itaungana. Ndoto hiyo iko mpaka kwenye katiba yao: walipoirekebisha baada ya makubaliano ya Ijumaa Kuu ya 1998, waliacha kudai ardhi wakabakisha nia. Kwa hiyo kwenye jukwaa Newry ilikuwa kwetu. Kwenye kaunta ya duka Newry ilikuwa kwa Malkia. Yule mama mwenye nepi, ukifikiri vizuri, alikuwa mtu pekee aliyekuwa ameshaiunganisha nchi, tena kila Jumamosi.

Niliposoma hayo nilimkumbuka marehemu baba. Mwaka 1983 kwetu Tanzania hali ilikuwa ngumu, sabuni haionekani madukani, na Waziri Mkuu Edward Sokoine akatangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Watu wakaanza kutupa mali usiku: mitaroni, mtoni, porini. Ungeona redio kichakani ukaogopa kuiokota. Baba alikuwa na kiduka Sumbawanga chenye katoni kadhaa za sabuni, na kwa jinsi Zambia ilivyo jirani sitaki kueleza zaidi. Akazizika zizini, chini ya samadi, akijiona mjanja kuliko serikali. Aprili mvua ikapiga siku mbili mfululizo. Zizi likatoa povu. Ng'ombe wetu walikuwa wasafi kuliko ng'ombe wote wa mkoa, na baba alipitisha juma zima akiwaeleza wapita njia kwamba ni aina mpya ya majani.

Sasa hapa ziwani kila baada ya muda wakubwa wanakumbuka kufunga kitu. Mwaka 2024 Kongo ilipiga marufuku soda na bia kutoka nje kwa miezi 12, ili kulinda viwanda vyake. Kule mpakani Kasumbalesa malori yakakwama, wenye malori Wakongo wakaja juu, na Agosti Zambia ikafunga kwa muda mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania mpaka mambo yazungumzwe. Siku chache baadaye ikafungua. Mimi siku hizo nilikuwa na kreti za soda zimepangwa kwenye kantemba, nikisubiri kuona tamko la mawaziri litatekelezwaje juu ya ziwa lenye kilometa za mraba zaidi ya 5,000. Ziwa halina lango la kufunga. Kreti zangu ziliondoka kwa bei nzuri. Sikuuliza zimekwenda wapi, na mnunuzi, kwa adabu, hakuniambia.

Samaki pia wana kalenda ya serikali. Desemba mosi mpaka mwisho wa Februari uvuvi unafungwa upande huu ili wazaliane. Ni jambo la maana, na wazee wanaokumbuka samaki aitwaye mpumbu alivyokuwa akipanda Luapula kwa makundi mpaka nyavu za biashara zikammaliza hawabishi. Wanachobisha ni kwamba ng'ambo hawaoni kalenda hiyo ikitundikwa. Samaki wa Zambia anaogelea nusu saa, anakuwa Mkongo, anavuliwa, anauzwa, anarudi Kashikishi kwenye kapu akiwa bidhaa kutoka nje. Na mvuvi aliyemwachia apite kwa ajili ya taifa ndiye anayemnunua. Miezi hiyo mitatu kantemba yangu inaendeshwa kwa daftari la madeni.

Kwa maana kazi hakuna. Hapo ndipo ningetaka yule ofisa anyooshe shati lake na kuanza mhadhara. Ukiacha samaki, serikali na hospitali, ajira ya kudumu Nchelenge wanayo mbu. Nasema kweli. Malaria ya huku ni ya kutajika, na tangu miaka ya 2010 watafiti kutoka Ndola na Marekani wamekuwa wakija kuwahesabu, kuwapima na kuwafuatilia nyumba kwa nyumba. Mbu wa Nchelenge anajulikana kwa umri, jinsia, mahali anapolala na saa anazokwenda kazini. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ana stashahada ya ualimu na hajawahi kufuatiliwa hivyo hata na mchumba.

Huyu shemeji ndiye ugomvi wangu na ndoto za taifa. Amesomea ualimu kwa pesa ya chisense, dagaa kwa dagaa. Mwaka 2022 serikali ilipotangaza kuajiri walimu zaidi ya 30,000 kwa mpigo, tulichinja kuku kabla ya majina kutoka, jambo ambalo mama mkwe aliniagiza nisilifanye tena, kupitia njia za kibalozi. Jina halikutoka. Miaka iliyofuata nafasi zikawa elfu chache kwa nchi nzima. Shemeji akafungua mwavuli wa mobile money kando ya barabara, akawa anawatumia watu pesa za watu. Anavaa tai. Nikimwuliza tai ya nini, ananijibu, "Shemeji, siku wakiniita nisije nikaanza kuitafuta."

Ahadi zipo, tusiwe watu wasio na shukrani. Mwaka 2011 Michael Sata aligombea urais na "donchi kubeba": pokea vitenge vya kila chama, usiseme utampigia nani. Pesa mifukoni, wakasema watu wake, ndani ya siku 90. Mwaka 2021 ikawa zamu ya Hakainde Hichilema, na vijana wakaimba kwamba Bally, ndilo jina lake la utani, atatengeneza. Haki yake nimpe, mfuko wa maendeleo ya jimbo ulitoka kwacha milioni 1.6 mpaka milioni 25.7 mwaka 2022, na madawati yakaonekana. Kuna Dira ya 2030, iliyoandikwa tangu 2006, nchi iwe ya kipato cha kati chenye neema. Kuna lengo la kuchimba tani milioni tatu za shaba kwa mwaka mwanzoni mwa muongo ujao. Mimi siipingi shaba. Ila Ziwa Mweru halina shaba, lina dagaa, na dira ikitua kwenye dagaa hupewa mistari miwili. Miaka ya Dira inayoyoma, na shemeji kwa muda mrefu alibaki chini ya mwavuli uleule. Kila uchaguzi ukikaribia, vitenge vyenye sura za wagombea huanza kuzunguka, na hivyo ndivyo vitenge pekee ninavyoruhusiwa kuvipokea bila mtu kuniuliza vimechapwa nchi gani.

Kinachonimaliza nguvu ni kwamba hao wakubwa wenyewe hawawezi kukaa ndani ya mpaka huu. Mwaka 1996 Zambia ilibadili katiba ili mgombea urais awe na wazazi wote wawili Wazambia. Ililengwa kwa Kaunda, mwasisi wa nchi aliyeongoza miaka 27, ambaye wazazi wake walitoka Malawi. Shoka likaruka na mpini wake: wapinzani wakageuka wakampeleka mahakamani Rais Frederick Chiluba, mtu wa Luapula, kwamba wazazi wake ndio si Wazambia, na kwamba kwao ni Zaire. Mahakama ya Juu ikalimaliza mwaka 1998, Chiluba akabaki Mzambia. Vuka sasa maji. Kuna Moïse Katumbi, gavana wa Katanga tangu 2007 mpaka 2015, mwenye TP Mazembe, aliyekulia Kashobwe kando ya Luapula hii hii. Baba yake, Nissim Soriano, alikuwa Myahudi wa Kigiriki mwenye asili ya Rhodes aliyekuja kufanya biashara ya samaki. Alipotaka urais, ukaibuka muswada wa kutaka mgombea awe na baba na mama Wakongo. Haukupita, lakini ujumbe ulifika.

Kwa hiyo mwanasiasa wa ng'ambo hii akipanda sana anaambiwa ni wa ng'ambo ile, na wa ng'ambo ile anaambiwa si wa pale. Sisi tunaovuka na vikapu hatujawahi kushangaa. Bonde lote hili ni shangazi na binamu. Mpaka ni kitu ambacho kinakuwepo mtu akitaka kitu chako.

Nami Mtanzania mnifanyeje? Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kwa hiyo yule mama wa ukucha ni mwenzangu wa Jumuiya. Zambia haimo, lakini ni mwenzangu wa SADC, ambayo Kongo nayo imo. Zambia na Kongo wao wako pamoja COMESA, yenye makao yake Lusaka, ambako Tanzania ilijitoa mwaka 2000. Kwa karatasi, katika boti ile hakuna mgeni hata mmoja. Bado ofisa alitaka kujua doti mbili nimezinunua za nini. Nikamwambia za mama mkwe. Hilo tu ndilo lililonipitisha, kwa sababu naye ameoa.

Shemeji amepata kazi. Nilitaka niliseme mapema lakini lawama zilikuwa nyingi. Mfanyabiashara mmoja wa Kilwa, ile ya Kongo, ametaka watoto wake na wa majirani wajue Kiingereza, akamwajiri. Anavuka Jumapili, anarudi mwisho wa mwezi, tai iko kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Safari ya kwanza ufukweni waliandika sababu yake ya kusafiri kuwa "matembezi," maana aliposema "kazi" yule ofisa alicheka akadhani ni mzaha. Mshahara wa kwanza alilipwa kwa dola, na mojawapo, bila shaka, ilikuwa imechanika kona. Kule haikupita. Huku wabadilishaji wa sokoni walitaka kuichukua kwa bei ya kuhuzunisha. Ipo kwenye droo ya kantemba, ndani ya kitabu, ikinyooshwa.

Jumamosi iliyopita diwani aliitisha mkutano uwanjani. Alieleza mafanikio. Barabara, visima, madawati, kisha akafika kwenye ajira, akapandisha sauti: vijana wa Nchelenge sasa wanatafutwa hadi nje ya nchi, wanaingiza fedha za kigeni, na mfano hai ni kijana wetu, mwalimu, akamtaja shemeji kwa jina na la ukoo. Watu wakapiga makofi. Mimi nikatafuta kwa macho yule ofisa wa matembezi. Alikuwa mstari wa mbele, anapiga makofi kuliko wote.

Mama mkwe alikuwa amekaa chini ya mwembe na wanawake wenzake, amevaa kitenge cha Kongo, kipya, kinachotoa sauti akigeuka. Alisubiri makofi yatulie. Akamwita mke wangu, na sauti yake ikafika mpaka jukwaani.

"Mwambie mkwe amuulize diwani kama ana dola nzima, tubadilishane na ile ya kwenye droo."